Dawa iliyokuwa marufuku kwa moyo wake

"Mwanangu, wewe si ulisoma baiolojia? Njoo unisomee hapa."

Mamdogo alikuwa kakaa kibarazani, miguu kaipandisha kwenye stuli maana bado ilikuwa na uvimbe kidogo, miwani puani, kaikunjua ile karatasi nyembamba inayokaa ndani ya boksi la dawa, ile ambayo wengi wetu tunaitupa bila hata kuifungua. Yeye ni mwalimu mstaafu, kitu chenye maandishi hakitupi. Kidole kakiweka kwenye mstari mmoja wa Kiingereza, herufi ndogo mno, na mstari wenyewe unasema dawa hii asipewe mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi na hali yake haijatulia.

"Sasa si ndo mimi huyu?"

Dawa ni karvediloli, miligramu 3.125 asubuhi na jioni. Mamdogo ana presha ya miaka na miaka, moyo umetanuka, juzi juzi tu alikuwa katoka wodini baada ya kufika hali ya kulala na mito mitatu na bado hapumui vizuri. Kwenye mfuko wake wa dawa kuna Lasix ya kutoa maji mwilini, kuna ya presha, kuna nyingine mbili tatu, na kote huko hana shida. Shida ni hiki kidonge kidogo. "Tangu nianze hiki, nachoka kuliko siku niliyotoka hospitali. Nikitoka chumbani mpaka jikoni nakaa kwanza."

Tukampigia daktari wake, akasema aendelee, maji yameshatoka mwilini, hali imetulia, ile karatasi inawaongelea wale waliozidiwa, na dozi imekuwa ndogo hivo makusudi. Mamdogo akaridhika, akaikunja karatasi yake vizuri akairudisha kwenye boksi.

Mimi ndo sikuridhika.

Kwa wiki kadhaa nikawa natembea na hilo swali, kwenye daladala, kazini, usiku. Inakuwaje dawa hiyohiyo iwe hatari kwa ugonjwa na iwe tiba ya ugonjwa huohuo? Na mbona inamchosha mtu ambaye malalamiko yake makubwa tangu mwanzo ni uchovu? Nikaanza kusoma, nikakuta stori ndefu kuliko nilivyotegemea, na sehemu kubwa ya stori yenyewe ni ya watu wazima wenye elimu zao kukataa kuamini kile wanachokiona.

Vitu ambavyo hakuna aliyeviona

Vipokezi ni protini zilizochomoza kwenye utando wa seli, adrenalini na ndugu yake noradrenalini zikifika pale zinazinasa, na seli ya moyo inapata taarifa kwamba mambo yamechafuka, piga haraka, piga kwa nguvu. Leo tunavichora ubaoni bila wasiwasi. Lakini kuanzia mwaka 1905, John Langley wa Cambridge alipoandika kwamba lazima kuna "kitu kinachopokea" kwenye misuli, mpaka kizazi kizima baadaye, hakuna aliyekuwa amekiona hicho kitu, ilikuwa ni dhana tu ya kuelezea matokeo ya maabara.

Mtu wa kukumbuka hapa ni Raymond Ahlquist, wa chuo cha udaktari Georgia kule Marekani. Huyu wala hakuwa anatafuta dawa ya moyo. Alikuwa anatafuta kitu cha kulegeza mfuko wa uzazi, kwa ajili ya wanawake wanaoumwa sana wakiwa kwenye siku zao. Akachukua kemikali sita za ukoo wa adrenalini akazijaribu kwenye viungo tofauti vya wanyama, kisha akazipanga kwa nguvu, na hapo ndo akaona kitu cha ajabu, kwamba isoprenalini iliyokuwa ya mwisho kabisa kwenye kubana mishipa ya damu ndo iliyokuwa ya kwanza kwenye kuuendesha moyo. Foleni mbili tofauti, kemikali zilezile. Akasema basi kuna vipokezi vya aina mbili, akaviita alfa na beta, na beta ndo vya moyo.

Hiyo ni 1948. Jarida la kwanza alilolipelekea makala yake liliikataa, ikabidi aipeleke kwingine, na hata ilipotoka ikakaa miaka bila mtu kuishtukia kwa sababu wakubwa wa fani walikuwa na nadharia yao tayari. Kinachonichekesha ni kwamba Ahlquist mwenyewe, miaka mingi baadaye, watu wakiwa wanameza dawa zilizotokana na wazo lake, bado alikuwa anasita kusema vipokezi hivyo vipo kweli.

Mskoti aliyegeuza swali

James Black alizaliwa Scotland 1924, akasomea udaktari, akaenda kufundisha Singapore kwa sababu alikuwa na madeni (nimempenda hapohapo), akarudi akafundisha fiziolojia kwenye chuo cha madaktari wa mifugo Glasgow. Baba yake alikufa kwa moyo baada ya ajali ya gari. Black akabaki anawaza kuhusu ule mshtuko: mtu mwenye mishipa ya moyo iliyoziba akipata taharuki, adrenalini inapanda, moyo unadai oksijeni zaidi, na mishipa haina uwezo wa kuileta.

Wenzake wote walikuwa wanatafuta namna ya kupeleka oksijeni zaidi kwenye moyo. Yeye akauliza kinyume chake. Kwanini tusiupunguzie moyo mahitaji?

Kwenye kitabu kimoja cha chuo akaikuta sura aliyoandika Ahlquist, vile vipokezi beta ambavyo hakuna aliyevitilia maanani, na akajua anachokitaka: kemikali ya kukaa juu ya kipokezi bila kukiamsha, ili adrenalini ikifika ikute nafasi imeshachukuliwa. Mwaka 1958 kampuni ya ICI ya Uingereza ikamwajiri kwa ajili ya hilo wazo. Dawa ya kwanza, pronethaloli, ilifanya kazi kwa watu ila ikaleta uvimbe wa kansa kwenye panya, ikaachwa. Ya pili ikawa propranololi, ambayo tunaijua kwa jina la Inderal, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa sokoni.

Ilikuwa dawa ya kubanwa kifua kwanza. Halafu ikaonekana inashusha presha. Halafu mwaka 1981 utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 3,837 waliotoka kupata shambulio la moyo ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilishaonekana: waliokuwa kwenye propranololi walikufa asilimia 7.2, wale wa vidonge bandia (visivyo na dawa ndani, vya kulinganishia tu) asilimia 9.8. Black akapata Nobel mwaka 1988.

Hapo ndo stori nyingi zinaishia. Mimi nilikuwa bado sijafika kwa mamdogo.

Marufuku

Maana kuna kundi moja la wagonjwa wa moyo ambalo Inderal na ndugu zake wote, zile beta-bloka, yani dawa za kukalia vipokezi beta, ukoo wa karvediloli ya mamdogo, walikatazwa kabisa kulisogelea, na ndo kundi la mamdogo, wale ambao moyo wenyewe umechoka, umetanuka, hausukumi tena.

Sababu ilikuwa na mantiki na mimi sitaki kuwacheka waliokataza. Moyo ukidhoofika mwili unaona damu haifiki vizuri, unamwaga adrenalini na noradrenalini kwa wingi ili kuusukuma huo moyo uendelee, na hiyo ndo inayomshikilia mgonjwa asianguke. Sasa wewe uje umnyang'anye? Na kweli walipopewa dozi kamili za mwanzo baadhi waliharibikiwa, mapafu yakajaa maji. Kwahiyo vitabu vikaandika, walimu wakafundisha, wanafunzi wakakariri kwa ajili ya mtihani: moyo ulioshindwa, beta-bloka hapana. Ule mstari wa kwenye karatasi ya mamdogo ni mabaki ya katazo hilo, limepunguzwa makali tu, na kwa aliyezidiwa bado ni sahihi.

Sasa nenda Gothenburg, Sweden, miaka ya mwanzo ya sabini. Finn Waagstein na wenzake wana wagonjwa wa moyo uliotanuka, mapigo yako juu hata wakiwa wamelala, dawa zote zilizokuwepo wakati huo wamepewa na hakuna kitu. Wakajiuliza kama yale mapigo ya kasi yenyewe ndo sehemu ya ugonjwa. Wakawapa beta-bloka, kidogo kidogo, wakiwaangalia kwa karibu. Mwaka 1975 wakachapisha: wagonjwa saba, wote walipata nafuu.

Saba!

Unaweza kuelewa kwanini ulimwengu haukutetemeka. Watu saba, hakuna kundi la kulinganisha, na wanasema kinyume cha kila kitabu. Mwaka 1979 kundi hilohilo, safari hii jina la mbele likiwa Karl Swedberg, likaonyesha kwamba wagonjwa wao 24 waliishi muda mrefu kuliko wengine 13 wa zamani ambao hawakupewa, na mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba ukimsimamishia dawa mgonjwa aliyepata nafuu, anarudi kuwa mbaya. Wengine wakajaribu kurudia, wakawapa wagonjwa wao kwa mwezi mmoja, wakapima, wakasema hatuoni faida yoyote.

Hapa nilisimama muda mrefu. Mwezi mmoja. Hawakudanganya, walichopima ni kweli, kwa mwezi mmoja hakuna kitu cha kuonyesha na kuna wanaojisikia vibaya zaidi. Faida ya hizi dawa kwenye moyo uliotanuka inaanza kuonekana miezi mitatu hivi, inaendelea mpaka mwaka. Mtu akipima wakati ambao mgonjwa anajisikia kama mamdogo alivyokuwa anajisikia pale kibarazani, jibu lake litakuwa hapana kila siku.

Punda afe, mzigo wa bwana ufike

Na wakati watu wa Gothenburg wanapuuzwa, sehemu nyingine pesa na akili zilikuwa zinaelekea upande wa pili kabisa: kama moyo umechoka, tuutafutie dawa ya kuuchangamsha. Ndo inavyoingia akilini. Mimi mwenyewe ungeniuliza kabla ya haya yote ningekuambia hivohivo.

Kulikuwa na dawa inaitwa zamoteroli. Ilikuwa nusu kwa nusu, inakaa kwenye kipokezi beta na kukiamsha kidogo, halafu inazuia adrenalini nyingi isipite, kwa karatasi ni kitu kizuri sana. Ikajaribiwa kwa wagonjwa 516 wenye moyo dhaifu sana, ripoti ikatoka 1990. Ndani ya siku 100 walikufa asilimia 9.1 ya waliopewa, wakati wale wa vidonge bandia ni asilimia 3.7. Mwaka uliofuata ikaja milrinoni ya vidonge, yenyewe inapita njia nyingine ndani ya seli ila lengo ni lilelile la kuufanya moyo usukume kwa nguvu, wagonjwa 1,088, vifo vikapanda kwa asilimia 28.

Wazee wetu walishamjua huyu punda. Ukimchapa anatembea, tena anatembea vizuri tu, na aliyeshika fimbo anaona fimbo inafanya kazi. Mzigo unafika. Kuna wagonjwa wanaopewa hizi dawa za kuchangamsha na wanajisikia vizuri kweli, wanapumua, wanasimama, na vipimo vya siku hiyo vinaonyesha moyo unasukuma zaidi. Halafu wanakufa mapema.

Kwangu mimi hii ndo sehemu ngumu kuliko zote kwenye stori nzima, ngumu kuliko kemia yake. Tumezoea kwamba mgonjwa ndo shahidi. "Unajisikiaje leo?" ndo swali la kwanza la daktari, la muuguzi, la jirani aliyekuja kukuona na machungwa. Na hapa tuna dawa moja inayomfanya mtu ajisikie nafuu huku inamuua, na nyingine inamchosha huku inamwokoa, kwahiyo ushahidi wa mwili wenyewe, kwa muda fulani, ni wa uongo. Sijui unamwambiaje mtu hilo bila kumvunjia heshima.

Vipokezi vinajificha

Kilichobadilisha mawazo ya watu, pamoja na takwimu zilizokuja baadaye, ni pale walipoangalia mioyo yenyewe.

Stanford wakati huo walikuwa wanabadilisha mioyo, kwahiyo mioyo mibovu iliyotolewa ilikuwepo. Michael Bristow na wenzake wakaichukua wakahesabu vipokezi beta, wakachapisha 1982: kwenye moyo ulioshindwa vimepungua karibu nusu. Yani seli za moyo, zikipigiwa kelele na adrenalini mchana na usiku, zinaviondoa vipokezi vyake kwenye utando. Mwaka 1984 wengine wakaonyesha kwamba mgonjwa mwenye noradrenalini nyingi kwenye damu ndo anayekufa mapema.

Kwa muda watu walisoma huo upungufu kama sehemu ya ubovu, moyo umepoteza vipokezi ndo maana hausukumi, basi tuvirudishe. Ila unaweza kusoma kinyume: seli inajikinga. Na kuna jaribio la Würzburg, Ujerumani, la 1999, ambalo kwangu mimi lilimaliza ubishi. Walitengeneza panya wenye vipokezi beta-1, ile aina ya beta iliyotawala moyoni, vingi kupita kiasi kwenye moyo. Wakiwa wadogo mioyo yao ilikuwa inapiga kwa nguvu kuliko panya wa kawaida, ungewaona ungesema hawa wamependelewa. Walipokua, mioyo ikatanuka, ikajaa makovu, ikashindwa.

Kwahiyo beta-bloka inafanya kwa makusudi kile ambacho seli ilikuwa inahangaika kukifanya peke yake. Na moyo ukipumzishwa kwa miezi, unaanza kurudi: chumba kilichotanuka kinapungua, kiasi cha damu kinachosukumwa kila pigo kinaongezeka. Dawa ya kupunguza nguvu inaishia kuongeza nguvu. Hilo nimelisoma mara nyingi na bado linanishangaza.

(Kwa wanaopenda molekuli: gene ya kipokezi beta-2, aina nyingine ya beta, ilipatikana 1986 na kundi la Robert Lefkowitz wa Duke, ambaye ni daktari wa moyo, wakisaidiana na wanasayansi wa kampuni ya Merck, wakakuta kinafanana na kipokezi cha mwanga kwenye jicho, wote wamepita kwenye utando wa seli mara saba, ukoo mmoja mkubwa. Brian Kobilka, aliyekuwa kijana kwenye maabara yake, akaja kuongoza kazi ya kupiga picha ya umbo lake, 2007, na 2011 akakinasa kikiwa kazini. Nobel ya kemia 2012. Lefkowitz alikuwa amelala na vizibo masikioni simu ya Sweden ilipoita, mke wake ndo akampiga kiwiko. Na karibu theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa Marekani zinalenga ukoo huu wa vipokezi, kwahiyo ukifungua kabati la dawa la nyumba yoyote utawakuta.)

Watano kati ya mia

Takwimu zilikuja kwa kishindo mwishoni mwa miaka ya tisini. Karvediloli Marekani, 1996, wagonjwa 1,094: vifo asilimia 7.8 kwa wasiopewa, 3.2 kwa waliopewa. Bisoprololi Ulaya, utafiti wa CIBIS-II, 1999, wagonjwa 2,647: asilimia 17.3 dhidi ya 11.8. Metoprololi mwaka huohuo, wagonjwa 3,991, vifo vikashuka kwa asilimia 34. Kisha karvediloli tena 2001 kwa wagonjwa 2,289 waliokuwa hoi zaidi, vikashuka kwa asilimia 35. Kutoka wagonjwa saba wa Gothenburg mpaka hapo ni zaidi ya miaka ishirini na tano. Marufuku ikageuka kuwa lazima.

Ila ngoja niseme kinachonikereketa kwenye hizi namba. Chukua ile ya bisoprololi. Kwenye wagonjwa mia ambao hawakupewa, ndani ya mwaka na kidogo, walikufa kama kumi na saba. Kwenye mia waliopewa, kama kumi na mbili. Kwahiyo watano wameokolewa. Themanini na tatu wangekuwepo hata bila dawa, kumi na mbili waliondoka hata na dawa. Wote mia wamebeba uchovu wa mwanzo, mikono ya baridi, kizunguzungu ukisimama ghafla. Hakuna anayejua kama yeye ni mmoja wa wale watano, hatajua kamwe, daktari wake naye hatajua.

Mamdogo nilimweleza hivohivo, kwa sababu ni mwalimu na hapendi kufichwa hesabu. Akafikiria. Akasema, "Watano kwa mia ni wengi. Darasani kwangu nilikuwa na watoto mia na ishirini." Basi hapo yeye kamaliza, mimi ndo nikaendelea kuumia kichwa.

Halafu kuna suala la dozi ambalo naona halisemwi vya kutosha. Hiyo 3.125 ni ya kuanzia tu. Kwenye tafiti walikuwa wanaiongeza mara mbili kila baada ya wiki mbili hivi kama mgonjwa anahimili, mpaka 25 mara mbili kwa siku, na hata zaidi kwa wenye uzito mkubwa. Zile asilimia zote nilizotaja zimetokana na watu waliopandishwa namna hiyo. Mtu akiachwa kwenye dozi ya kuanzia mwaka mzima kwa sababu foleni ya kliniki ni ndefu na kila akienda anaandikiwa "endelea na dawa zilezile", anapata uchovu wote na faida nusu. Kama una mgonjwa nyumbani, hilo ni swali la kuuliza: dozi inapanda lini, na mnaangalia nini kabla ya kuipandisha? Na kusimamisha ghafla ndo mbaya kabisa, kipokezi kilichokuwa kimekaliwa kinabaki wazi huku adrenalini bado ipo, na moyo unapata kishindo.

Na sisi je

Nilipofika hapa nikawa nauliza kitu kingine, hao wagonjwa maelfu ni akina nani? Wengi wao ni wazungu, wazee, mioyo imeharibiwa na mishipa iliyoziba. Kwetu sio hivo. Utafiti wa THESUS-HF ulifuatilia wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kwenye hospitali 12 za nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Hamsini na mbili! Na sababu namba moja ni presha, karibu asilimia 45. Ndani ya miezi sita karibu asilimia 18 walikuwa wamefariki. Ulaya na Marekani ugonjwa huu ni wa watu wa miaka sabini na kitu.

Kuna dawa moja ya ukoo huu, bucindololi, iliyotikisa mambo. Wagonjwa 2,708 Marekani na Kanada, matokeo 2001, kwa ujumla haikupunguza vifo kwa kiwango cha kuaminika, na walipogawanya makundi wakaona wasio weusi walifaidika na Wamarekani weusi hawakufaidika. Unaweza kufikiria jinsi hiyo habari ilivyosafiri. Lakini mwaka huohuo wale wa karvediloli wakafungua data zao, walikuwa na Wamarekani weusi 217, na faida ilikuwa ileile kwa wote. Kwahiyo shida ilikuwa kwenye ile dawa, na bucindololi kweli ina tabia zake, inashusha noradrenalini kwa namna ambayo karvediloli haifanyi.

Ila kuna kitu kingine kikagunduliwa, 2008. Ndani ya seli kuna kimeng'enya kinaitwa GRK5, kazi yake ni kukituliza kipokezi beta kikishaamshwa. Kuna toleo la gene yake ambalo linafanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi, yani mtu anazaliwa na beta-bloka yake ya asili, na wanaolibeba ni karibu watu 4 kati ya 10 kwenye Wamarekani weusi, wakati kwa wazungu ni nadra sana. Kwenye utafiti huo wa 2008, wagonjwa wenye toleo hilo waliishi muda mrefu hata bila kupewa dawa.

Nilivyosoma hiyo mara ya kwanza nilifurahi kijinga, nikataka kuitupa kwenye grupu la familia. Sikuituma. Wamarekani weusi kwa sehemu kubwa asili yao ni Afrika Magharibi na ya Kati, wamechanganyika kwa karne kadhaa, na mtu wa Tanga au Kisumu au Bukoba sio wao, Afrika ina tofauti za gene nyingi kuliko mabara mengine yote. Na hata aliye nalo bado anahitaji dawa, ugonjwa ukishafika hapo ulipofika kwa mamdogo. Nilijua ikiingia kwenye lile grupu kesho yake mtu angesema "sisi weusi hatuhitaji" na kidonge kingebaki kwenye boksi.

Kitu nilichokipenda zaidi kinatoka kwetu Afrika na hakina mbwembwe. Utaratibu wa miaka mingi ulikuwa kumpa mgonjwa mpya dawa za kundi la ACE (zile za kulegeza mishipa ya damu) kwanza, zikishakaa ndo beta-bloka inaongezwa. Karen Sliwa na wenzake Soweto, Afrika Kusini, wakajiuliza itakuwaje tukianza na karvediloli? Wakachukua wagonjwa 78 wapya wenye moyo uliotanuka bila sababu inayojulikana, nusu wakaanza na hii nusu na ile, baadaye wote wakapata zote mbili. Matokeo ya 2004: walioanza na karvediloli mioyo yao ilisukuma vizuri zaidi, na walifikia dozi kubwa zaidi. Mwaka uliofuata Ulaya wakauliza karibu swali hilohilo kwa bisoprololi na watu 1,010, hawakuona tofauti kubwa kati ya kuanza na ipi.

Watu 78 ni wachache, najua, na sisemi Soweto walikuwa sahihi kuliko Ulaya. Nasema wagonjwa wa Soweto wanafanana na mamdogo, kwa umri na kwa kuchelewa kufika hospitali, kuliko hao 1,010. Ningependa sana kuona mtu anaifanya tena, Dar, Mwanza, Mombasa, Kampala, na watu elfu mbili na dozi zipandishwe mpaka juu kabisa.